Kubadilisha betri ya kuchaji kwenye saa ya mkononi ya sola: hatua, vipimo na makosa yanayoua saa

#1 Bisibisi_Ndogo

Wakuu, maswali ya saa za sola yametawanyika kila kona, tuyakusanye hapa. Nazungumzia saa zinazochajiwa na mwanga: Casio za Tough Solar, Citizen Eco-Drive, Seiko Solar na za aina hiyo.

Saa ya sola ina betri. Paneli iliyo chini ya kioo inachaji seli ndogo ya lithiamu, na seli hiyo ndiyo inayoendesha saa usiku na mchana. Mara nyingi hupita miaka 10 bila shida. Kinachoiua mapema ni giza: saa iliyofungiwa kwenye droo inamaliza chaji yote, na seli ikikaa tupu muda mrefu haishiki tena chaji kama mwanzo hata ukiianika juani mwezi mzima.

Ila kabla hujashika bisibisi, hakikisha mgonjwa ni betri. Kuna mambo matatu yanayowadanganya watu.

Usingizi. Casio nyingi za dijitali zikikaa gizani kwa muda wa saa moja hivi, kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, zinazima kioo kuokoa chaji. Zikikaa gizani siku 6 au 7 zinazima karibu kila kitu isipokuwa kuhesabu muda ndani kwa ndani. Mtu anatoa saa kabatini, anaona kioo cheupe, anaagiza betri. Ipeleke kwenye mwanga kwanza.

RECOV. Ukiwasha taa mara nyingi mfululizo, au king'ora kikilia muda mrefu, volti inashuka ghafla na baadhi ya Casio huandika neno hilo zikijizuia kufanya kazi nzito. Iache ipumzike.

Mshale wa sekunde kuruka mbilimbili. Kwenye Citizen na Seiko nyingi hilo ni onyo kwamba chaji iko chini. Haimaanishi seli imekufa.

Dalili za seli iliyochoka kweli ni hizi: umeianika siku mbili tatu za jua kali, kipimo cha chaji kinapanda hadi H (juu), halafu usiku mmoja tu kimerudi L (chini). Au kinaonyesha M (kati) vizuri kabisa, lakini ukibonyeza taa maandishi yanafifia au saa inajizima. Hapo upinzani wa ndani ya seli umepanda: volti inaonekana ipo, umeme wa kutosha hautoki.

#2 Kivuli_Mchana

Naongezea kwenye hilo la kuanika, maana wengi wanaanika vibaya kisha wanalaumu betri.

Taa ya ndani ni dhaifu kuliko jicho linavyodhani. Miongozo ya Casio nyingi za sola inataja jua la nje, luksi 50,000, dakika 5 hadi 8 kwa matumizi ya siku moja. Taa ya ofisini ya luksi 500 inahitaji kama saa 8 kwa kazi ileile. Na hapo ni kula ya siku hiyo tu, si kujaza seli iliyokauka. Saa inayoishi chini ya mkono wa shati haipati hata hiyo.

Upande wa pili ni joto. Usiiweke kwenye dashibodi ya gari wala chini ya balbu ya nyuzi iliyo karibu. Kioo cha dijitali kikianza kuwa cheusi, saa imepata moto kupita kiasi. Weka dirishani, uso ukitazama jua, na ukiishika mgongo iwe vuguvugu tu.

#3 Milimita

Sasa seli yenyewe. Hapa ndipo pesa na saa vinapopotea, kwa hiyo nitarefusha.

Jina la seli lina sehemu mbili. Tarakimu ni kipimo, herufi ni kemia. 1616 maana yake kipenyo milimita 16 na unene milimita 1.6. 920 ni kipenyo cha milimita 9 na pointi, unene 2.0. 621 ni 6 na pointi, unene 2.1. Nasema "na pointi" kwa sababu 920 hasa ina kipenyo cha milimita 9.5 na 621 ina 6.8; jina linakata desimali.

Herufi sasa:

CTL (kwa mfano CTL1616, CTL920) ni lithiamu ya kuchaji ya volti 2.3. Ndiyo inayokaa kwenye G-Shock za Casio nyingi za sola. CTL1616 ina uwezo wa takriban mAh 18.

MT (MT621, MT920) ni lithiamu ya kuchaji ya volti 1.5, iko kwenye Eco-Drive nyingi. MT621 ina takriban mAh 2.5, MT920 mAh 5. Ndogo sana, lakini mashine ya mishale inakunywa umeme kidogo mno.

TC, kama TC920S, nayo ni ya kuchaji ya volti 1.5. Utaikuta kwenye Seiko.

ML ni ya kuchaji ya volti 3. LIR ni ya kuchaji ya volti 3.6 kwenda juu. Zote mbili si mbadala wa CTL hata zikiwa na tarakimu zilezile.

Aina sahihi utaijuaje? Geuza saa. Casio: namba ya moduli (mashine ya ndani) ya tarakimu 3 au 4 iko ndani ya kiboksi kidogo kwenye kifuniko cha nyuma. Citizen: alama nne za kwanza (herufi na tarakimu) za kodi ya nyuma, kama E111 au J810. Seiko: mfano V157 au V172. Tafuta seli kwa namba ya mashine, si kwa jina la saa, kwa kuwa jina moja la kibiashara linaweza kubeba mashine tofauti miaka tofauti. Citizen wana namba zao za vipuri vya seli zinazoanza na 295. Ukinunua kwa namba hiyo unapata seli ikiwa na kikia chake cha bati. Kikia hicho tutarudi kwake.

Kisha fungua saa usome kilichoandikwa juu ya seli yenyewe kabla ya kulipia kitu.

#4 Saa_Sita

Swali la wengi: CR1616 ni milimita 16 kwa 1.6, sawasawa na CTL1616, na inapatikana kila mahali. Ina mAh karibu 50. Kwa nini isiingie?

#5 Milimita

Inaingia. Ndiyo balaa lenyewe.

CR1616 ni ya volti 3 na haichajiki. Ukiifunga, paneli haijui umebadilisha kemia. Kila ikiona mwanga inajaribu kusukuma umeme ndani. Seli isiyochajika ikilazimishwa chaji inazalisha gesi, inavimba, mwisho inavuja. Majimaji yake yakifika kwenye sakiti, hakuna cha kuokoa. Juu ya hapo, sakiti iliyopangwa kwa volti 2.3 inapewa 3, na kipimo cha H/M/L kinakudanganya muda wote.

Ndugu yake kwa upande wa mishale ni SR621SW na SR920SW, zile za oksidi ya fedha za volti 1.55. Vipimo karibu vilevile na MT621 na MT920, volti karibu ileile, na saa itatembea vizuri. Kwa wiki kadhaa utadhani umeshinda. Nazo hazichajiki.

Kuna wanaoziba paneli kwa karatasi nyeusi ili CR isichajiwe. Kama umefika huko, nunua saa ya betri ya kawaida.

#6 Bisibisi_Ndogo

Asante Milimita. Twende kwenye vifaa:

- bisibisi ya nyota ndogo, saizi 00 na 000, ncha mpya isiyolika
- kifaa cha kutolea pini za mkanda
- kibano cha plastiki kwa ajili ya seli, na kibano cha chuma kwa kazi moja tu (AC, yaani kuianzisha chipu ya saa upya, tutaifikia)
- kisu butu cha kufungulia kifuniko cha kubana, au ufunguo wa meno matatu kwa kifuniko cha kuzungusha
- grisi ya silikoni, tone tu
- raba mpya ya kuzuia maji (oringi) ya modeli yako
- kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji yenye chumvi
- trei nyeupe yenye kingo, au sahani

Vifuniko viko vya aina tatu. Cha skrubu nne, kama G-Shock nyingi, ndicho rahisi. Skrubu hizo mara nyingi zimekwama kwa jasho lililokauka; bonyeza bisibisi kwa nguvu chini, kisha zungusha polepole. Ukigeuza bila kubonyeza, msalaba unalika na hapo utahitaji kuitoboa. Ikigoma, weka tone la mafuta mepesi juu ya kichwa kwa ncha ya sindano, subiri, futa kabisa kabla ya kufungua ili yasiingie ndani.

Cha kubana kina kijimwanya mahali fulani kwenye ukingo. Kitafute kwa kucha au kwa mwanga wa pembeni. Ingiza kisu hapo, kisokote, usikisukume ndani, kwa sababu milimita chache mbele kuna mashine.

Cha kuzungusha kina mikato ukingoni. Funga ufunguo wa meno matatu ukiwa umekaa sawa, saa ikiwa imeshikwa imara. Mpira wa kunata wa kufungulia saa unatosha kwa vifuniko visivyokazwa sana, na hauchubui.

Saa isiyo na kifuniko cha nyuma kinachofunguka, yaani inayofunguliwa kwa upande wa kioo, mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.

#7 Pini_ya_Mkanda

Hatua za Casio ya dijitali, kwa mpangilio.

1. Toa mkanda kama unaziba skrubu. Baadhi ya modeli zina ganda la plastiki juu ya kifuniko cha chuma, litoe kwanza.

2. Legeza skrubu nne kidogokidogo kwa mshazari, kisha zitoe. Ziweke kwenye trei kwa mpangilio wa zilikotoka.

3. Inua kifuniko taratibu, saa ikiwa imelala kioo chini. Angalia springi. Kuna springi nyembamba, ndogo kuliko punje ya mchele, inayosimama juu ya moduli na kugusa sahani ya mlio iliyo kwenye kifuniko. Ikiruka ukaikosa, saa itafanya kazi ila haitalia. Piga picha kabla hujagusa chochote.

4. Inua mto wa raba laini uliofunika moduli. Kumbuka upande uliokuwa juu na tundu lilikopitisha springi.

5. Seli imeshikwa na bati lenye ndoano pembeni. Sukuma ndoano kwa ncha ya bisibisi, bati litafunguka kama bawaba. Usilipinde kupita kiasi. Likilegea, seli itacheza na saa itajizima kila ikigongwa.

6. Toa seli kwa kibano cha plastiki. Kibano cha chuma kikigusa upande wa chanya na wa hasi kwa pamoja, umeishoti seli, na vidogo hivi havina akiba ya kuvumilia mchezo huo.

7. Weka mpya kama ya zamani ilivyokaa. Kama kuna karatasi ya njano au nyeusi ya kuhami chini au pembeni, irudi mahali pake. Usiishike seli kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaweza kutengeneza njia ya umeme kati ya chanya na hasi.

8. Funga bati hadi lilie "tiki".

9. Fanya AC. Bila hiyo hujamaliza.

Moduli haina haja ya kutoka kwenye kasha hata mara moja. Ukiitoa unakaribisha vumbi kwenye kioo na kupoteza springi za vitufe.

#8 Waya_Mwembamba

AC inastahili posti yake.

Tazama bati la moduli, kuna herufi AC zimechorwa, mara nyingi na mshale ukielekea kijitundu. Ndani ya kijitundu kuna mguso wa shaba. Chukua kibano cha chuma, ncha moja iguse mguso huo, nyingine iguse uso wa juu wa seli, yaani chanya. Shikilia sekunde 2. Achia. Kioo kitajaa maandishi kisha saa itaanza upya.

Sababu ni kwamba chipu ikipewa umeme ghafla inaweza kuamka katikati ya hali isiyoeleweka: kioo kitupu, herufi zisizosomeka, vitufe vimeganda. Kibaya zaidi, inaweza kuonekana nzima huku ikinyonya umeme kuliko kawaida, ukaja kuilaumu seli mpya mwezi ujao. AC inairudisha mwanzo.

Fanya kabla ya kufunga kifuniko.

#9 Saa_Sita

Na kama AC imefanywa na kioo bado ni kitupu?

#10 Waya_Mwembamba

Nenda kwa utaratibu huu.

Pima seli ikiwa ndani, mita ikiwa kwenye volti za DC: waya mwekundu juu ya seli, mweusi kwenye bati la hasi. CTL ikiwa chini ya volti 2, imefika tupu. Hata mpya huweza kukaa sana kwenye rafu ikashuka. Anika saa ikiwa imefungwa, nusu siku, kisha rudia AC. Usithubutu kupima ampea za seli hii. Mita ikiwa kwenye ampea ni shoti tu iliyovaa waya mrefu.

Kama volti ziko sawa, tazama kama bati limegusa kweli uso wa seli na kama karatasi ya kuhami haijajikunja ikaziba mguso wa chini. Hili la karatasi ndilo linaloongoza.

Kama yote ni sawa, rudia AC kwa kubonyeza zaidi. Mguso uko chini ya tundu, watu wengi wanagusa ukingo wa bati tu, ambao tayari ni chanya, kwa hiyo hakuna kilichofanyika.

Na kama saa inawaka vizuri ila chaji haipandi: chukua seli yenye chaji ndogo, pima, anika saa siku nzima, pima tena. Volti zisiposogea kabisa, tatizo liko kwenye paneli au miguso yake. Kununua seli ya tatu hakutasaidia.

#11 Mshale_Mrefu

Upande wa Citizen na Seiko za mishale ni kazi nyingine kabisa, naomba niichukue.

Ukifungua utakuta pete ya plastiki inayoshika mashine, na seli imeshikwa na bati lenye skrubu moja au mbili. Skrubu hizo ni ndogo kiasi kwamba ukipumua vibaya zimeondoka. Kando yake kuna koili, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Bisibisi ikiteleza ikagusa koili, waya mmoja ukikatika, mota haizunguki tena. Saa nyingi za Eco-Drive zinazoambiwa "betri mpya haikusaidia" zina mkwaruzo wa bisibisi kwenye koili.

Kinga yake: elekeza mkono wako ili bisibisi ikiteleza iende mbali na koili. Wengine hufunika koili kwa kipande cha plastiki ngumu wanapolegeza skrubu. Fanya hivyo.

Sasa kikia alichokitaja Milimita. Seli nyingi za MT huja na bati dogo lililochomelewa kiwandani, ndilo linalogusa sakiti au linalozuia seli kuwekwa kichwa chini. Ukinunua seli tupu isiyo nalo, usijaribu kulihamisha kutoka ile ya zamani kwa risasi. Joto la pasi ya kuchomelea linaharibu kizibo cha ndani ya seli, na lithiamu ikipata moto inaweza kupasuka usoni. Nunua yenye kikia.

Usipindue seli. Usikaze skrubu kwa nguvu, ikisimama, imetosha.

#12 Kivuli_Mchana

Raba ya kuzuia maji hatujaigusa.

Itoe kwa kijiti cha plastiki, si pini. Angalia kama imekuwa bapa upande mmoja, ina nyufa, au imeganda kama mkaa. Safisha mfereji wake wote. Uchafu uliojaa humo ndio unaoinua kifuniko. Paka grisi ya silikoni kwa kupitisha raba kati ya vidole viwili vyenye grisi: ing'ae tu, isionekane nyeupe. Grisi nyingi inahamia ndani na kukamata vumbi. Vaselini usitumie, ni mafuta ya petroli na baadhi ya raba huvimba.

Kabla ya kufunga, tazama ukingo kwa mwanga wa pembeni. Uzi mmoja wa nguo ukikaa juu ya raba unatosha kupitisha maji.

#13 Pini_ya_Mkanda

Sikubaliani na kubadilisha raba kila mara. Kama saa imefunguliwa mara ya kwanza na raba bado inarudi umbo ukiibana, grisi inatosha.

#14 Kivuli_Mchana

Kwa saa ya ofisini, sawa. Kwa saa ya kuogelea hapana. Raba iliyokaa imebanwa miaka 10 na zaidi imeshachukua umbo la mfereji wake wa zamani. Ukiifunga upya haikai palepale. Na hakuna jaribio la nyumbani la kuaminika. Lile la kupasha saa na kudondosha maji baridi juu ya kioo linaonyesha kama unyevu umeshaingia, halionyeshi kama raba inazuia. Ukitaka kupiga nayo mbizi, ipelekwe kwenye mashine ya kupima shinikizo.

#15 Bisibisi_Ndogo

Namuunga mkono Kivuli. Raba ni kipuri cha bei ya chini kuliko vyote hapa.

Kufunga: kifuniko kirudi kilivyokuwa. Kama kina mkato wa kupisha shina la kitufe, uwe palepale. Skrubu nne zikazwe kwa mshazari, kila moja kidogo, duru mbili tatu, hadi zote zikae. Ukimaliza moja kabisa kabla ya nyingine, kifuniko kinapinda na raba inabanwa upande mmoja.

Cha kubana: weka kioo juu ya kitambaa kilichokunjwa, bonyeza kwa vidole gumba viwili vikikabiliana. Kisipoingia, tumia kifaa cha kubonyezea chenye sahani ya plastiki inayokaa kwenye ukingo wa kasha, isikae katikati ya kioo. Kioo hupasuka hapo.

Seli ya zamani izibe kwa utepe wa kunata juu na chini, ipeleke kunakokusanywa betri chakavu. Mtoto asiione hata dakika moja: kidonge hiki kikimezwa kinachoma koo.

#16 Saa_Sita

La mwisho kwangu. Casio yenye mishale na dijitali pamoja, baada ya AC mishale inaonyesha muda tofauti na kioo.

#17 Mshale_Mrefu

Hilo ni la kawaida. AC imefuta kumbukumbu ya mahali mishale ilipo. Chipu inaamini mishale yote iko kwenye namba 12, kumbe iko kwingine.

Ingia kwenye hali ya kurekebisha mahali pa mishale, vitufe vyake vinategemea namba ya moduli. Sogeza kila mshale hadi kwenye namba 12, mshale wa sekunde nao, kisha rudi. Baada ya hapo weka mji wako, maana AC imerudisha mji wa kiwandani, na saa inayopokea mawimbi ya redio itajirekebisha kwa ukanda wa saa usio wako usiku uleule.

Citizen zenye kronografia (za kupimia muda wa tukio) zina jambo hilohilo. Vuta taji (kitufe cha pembeni cha kurekebishia muda), fuata utaratibu wa mashine yako wa kurudisha mishale kwenye sifuri, na usirudishe taji ndani hadi mshale mdogo wa mwisho usimame penyewe. Ukirudisha mapema, utaanza upya.